Gaspard Monge na Sarufi ya Michoro

Majuzi mwanafunzi mmoja wa uhandisi aliniuliza swali ambalo halijanitoka akilini. Alitaka kujua kwa nini walimu wangali wanamsumbua kwa rula na bikari, ilhali siku hizi mtu aweza kuchora kifaa kwa mkono, akaupiga picha mchoro ule, na programu ya akili unde ikautafsiri kuwa maagizo ya kuiongoza mashine ya kukata chuma. Mimi ni mwanaisimu, si mhandisi. Hata hivyo, neno tafsiri lilipotajwa, nilihisi kwamba mlango uliobishwa ni wangu. Jibu langu ni maisha ya Mfaransa mmoja aliyeaga dunia zaidi ya karne mbili zilizopita.

Gaspard Monge alizaliwa mwaka wa 1746 katika mji wa Beaune. Babake alikuwa mchuuzi asiye na nasaba ya kujivunia, ila aliyewasomesha wanawe kwa bidii. Akiwa bado barobaro, Monge aliupima mji wao kwa vyombo alivyojiundia, akauchorea ramani kubwa. Ramani hiyo ilimpendeza ofisa mmoja wa jeshi, naye kijana akapata nafasi katika chuo cha wahandisi wa kijeshi cha Mézières. Lakini kwa kuwa hakuwa mwana wa kabaila, hakuruhusiwa kusomea uofisa. Aliwekwa upande wa wachoraji na mafundi.

Huko alipewa kazi ya kupanga ngome ili walio ndani wasionekane wala kupigwa na adui. Zama hizo kazi ya aina hiyo ilidai hesabu ndefu zenye kuchosha. Monge aliimaliza upesi mno, hata mkubwa wake akakataa kuikagua, akiamini kwamba haiwezekani. Ilipokaguliwa hatimaye, haikuwa na kosa.

Je, alifanyaje? Fikiria, msomaji, kifaa kilichozungukwa na mbao mbili: mmoja umelala chini yake, wa pili umesimama nyuma yake. Kila ncha ya kifaa ishushe wima hadi ubao wa chini, kisha uisukume moja kwa moja hadi ubao wa nyuma. Sasa ulaze ubao wa nyuma ulingane na ule wa chini. Utakuwa na sura mbili kwenye karatasi moja, na kutokana nazo urefu wa kila ukingo na ukubwa wa kila pembe hupatikana bila kukisia.

Kwa mwanaisimu, hapa pana jambo la kawaida. Neno paa likisimama pekee, hujui kama ni mnyama, sehemu ya nyumba au kitendo cha kuruka angani. Mduara uliochorwa pekee nao ni vivyo hivyo: huenda ni tundu, tufe au mwisho wa nguzo. Sura ya pili ndiyo huondoa utata. Waashi na maseremala walikuwa wakitumia sura mbili tangu kale. Monge alizitungia sarufi.

Kwa miaka mingi jeshi liliifanya elimu hiyo siri. Ni baada ya Mapinduzi ya 1789 ndipo Monge alipopata fursa ya kuifungulia umma. Mwaka wa 1794 alikuwa miongoni mwa waasisi wa chuo cha École Polytechnique, ambako vijana waliingia kwa mtihani wala si kwa ukoo. Mwaka wa 1795 aliwafundisha walimu watarajiwa mjini Paris, na mihadhara hiyo ikatoka kama kitabu mwaka wa 1799. Kwake yeye, mchoro ulikuwa lugha ya lazima kwa anayebuni, anayesimamia na anayetenda kazi.

Hakuwa malaika. Alishikamana na Napoleon, akafuatana naye hadi Misri mwaka wa 1798, na mfalme aliporejeshwa Monge alifukuzwa katika taasisi ya wanazuoni mwaka wa 1816. Alipofariki mwaka wa 1818, wanafunzi wa chuo chake walikatazwa kuhudhuria mazishi. Kesho yake walikwenda kaburini kutoa heshima zao.

Turudi kwa mwanafunzi wangu. Programu ikipewa mchoro wenye upande mmoja tu, hukisia pande zilizobaki kwa kufuata mifano mingi iliyokwisha kuziona. Pengine itapatia. Lakini ekseli ya milimita 20 na tundu la milimita 20 havitaingiana ilivyokusudiwa iwapo hakuna aliyesema ni sehemu gani ya milimita iachwe kati yao. Nia hiyo imo kichwani mwa mchoraji, na asiyeijua sarufi hawezi kuiandika, wala hawezi kumsahihisha mkalimani anapokosea.

Kwa hiyo, walimu wenzangu, tuikaribishe mashine darasani, lakini tusiitoe bikari. Wahenga walinena kwamba mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Elimu ambayo Monge aliitoa ngomeni tukiiacha irudi kuwa ya wachache wanaounda programu, vijana wetu watabaki wakivukuta moto wa wahunzi wengine.