Hayati Ronald Ngala: Mwalimu aliyetetea jamii ndogo katika Katiba

WAKENYA walipopitisha Katiba mpya mwaka 2010, walirejelea swali ambalo hayati Ronald Gideon Ngala alilifikisha London miaka 48 awali: wingi wa kura ukiamua kila jambo, jamii zenye watu wachache zitasikika vipi?

Ngala, Mgiriama aliyezaliwa Kilifi mwaka 1923, alisomea ualimu Makerere na kufundisha kabla ya kuingia siasa. Mnamo 1957 alikuwa miongoni mwa Waafrika wanane wa kwanza kuchaguliwa katika Baraza la Kutunga Sheria.

Mwaka 1960, yeye pamoja na Masinde Muliro na Daniel arap Moi walikuwa baadhi ya waasisi wa KADU, naye akawa kiongozi wake. Walihofia kwamba KANU, iliyokuwa na wafuasi wengi miongoni mwa Wakikuyu na Waluo, ingezimeza jamii nyingine. Baada ya uchaguzi wa 1961, KANU ilikataa kuunda serikali hadi Jomo Kenyatta aachiliwe. Ngala aliiunda, akalaumiwa kwa kushirikiana na walowezi.

Katika mkutano wa Lancaster House mwaka 1962, Ngala alishikilia mfumo wa majimbo. KANU ilipinga ikidai ungeigawanya nchi. Mwafaka uliofikiwa ulileta majimbo yenye mabunge yake pamoja na Seneti ya wanachama 41. Humo kila wilaya, kubwa kwa ndogo, ilipata seneta mmoja, na Nairobi mmoja.

Ushindi huo haukudumu. KANU ilishinda uchaguzi wa Mei 1963, serikali kuu ikayabania majimbo fedha, na wabunge wa KADU wakaanza kuhama chama. Novemba 1964, Ngala mwenyewe alikivunja. Mwezi uliofuata Kenya ikawa jamhuri, na majimbo yakapokonywa mamlaka. Seneti nayo ilifutwa mwaka 1966, mwaka ambao Ngala aliteuliwa waziri katika serikali ya chama alichokipinga.

Alifariki Desemba 1972 kufuatia ajali ya barabarani.

Katiba ya 2010 ilirejesha Seneti, kila moja ya kaunti 47 ikichagua seneta mmoja. Aidha, iliagiza kaunti zigawiwe angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa.