Mbaraka Mwinshehe: Gitaa la Morogoro lililofika mabonde ya Usangu

Na Mwandishi Wetu, Ubaruku

MPUNGA ukishavunwa Ubaruku, fedha huonekana, na fedha zikionekana wanamuziki nao huonekana. Mji huu mdogo wa wilayani Mbarali, mkoani Mbeya, umezoea kupokea magari yenye spika yakipita barabarani kutangaza onyesho la usiku, na asubuhi yake ubishi huhamia kwenye mashine za kukobolea mpunga na vibanda vya chai: nani aliimba kwa koo lake mwenyewe, na nani aliachia sauti iliyorekodiwa studio ikaimba kwa niaba yake.

Katika ubishi wa aina hiyo wazee wana kipimo chao, nacho ni mtu aliyefariki dunia mwaka 1979. Huyo ni Mbaraka Mwinshehe Mwaruka, mtunzi, mwimbaji na mcharazaji wa gitaa la solo aliyewahi kuzibeba bendi mbili mabegani mwake, Morogoro Jazz na Super Volcano, na ambaye wapenzi wake walimpachika jina la Soloist National.

Mbaraka alizaliwa Juni 27, 1944, katika kijiji cha Mzenga, Kisarawe, mkoani Pwani. Kama ilivyokuwa kwa vijana wengi wa rika lake walioonja muziki wa dansi mapema, masomo hayakumshika muda mrefu. Katikati ya miaka ya 1960 alikuwa tayari Morogoro, mji ambao kwa muziki wa wakati huo ulikuwa na uzito kuliko ukubwa wake.

Sababu za uzito huo hazikuwa za muziki pekee. Morogoro ilizungukwa na mashamba ya mkonge yenye maelfu ya vibarua waliolipwa mwisho wa mwezi. Reli ya Kati ilipita hapo, na barabara ya kutoka Dar es Salaam iligawanyika hapo, moja ikishika njia ya Dodoma na nyingine ikielekea Iringa na Mbeya. Kibarua, utingo, karani wa reli na msafiri aliyelala usiku mmoja wote walihitaji mahali pa kustarehe.

Mji Kasoro Bahari ulikuwa na bendi kubwa mbili, na wakazi wake waligawanyika kama walivyogawanyika mashabiki wa Simba na Yanga. Upande mmoja walikuwapo Cuban Marimba ya Salum Abdallah, bingwa wa miondoko yenye asili ya Kuba. Upande wa pili walikuwapo Morogoro Jazz. Salum Abdallah alifariki katika ajali ya gari Novemba 1965 na uongozi wa bendi yake ukachukuliwa na Juma Kilaza, lakini upinzani haukupoa. Uliongezeka, kwa kuwa sasa upande wa pili ulikuwa na kijana mwenye gitaa ambaye kila wiki alikuwa na jambo jipya.

Ili kuelewa kwa nini watu walikesha wakimtazama, ni lazima kukumbuka jinsi wimbo wa dansi ulivyojengwa. Sehemu ya kwanza ilikuwa ya maneno: mwimbaji alieleza kisa taratibu, magitaa yakimsindikiza kwa adabu. Kisha mwendo ulibadilika, waimbaji wakarudi nyuma, na gitaa la solo likashika usukani huku la rizimu na besi yakizunguka chini yake. Hiyo ndiyo sehemu iliyojaza uwanja wa kuchezea.

Kwenye santuri ndogo sehemu hizo mbili zilibanwa katika dakika chache, na mara nyingi wimbo mmoja ulikatwa vipande viwili, nusu upande wa kwanza na nusu upande wa pili. Ukumbini hapakuwa na wa kuukata. Mpigaji aliweza kuurefusha kadiri wachezaji walivyoonyesha kwamba bado wana nguvu. Kwa hiyo aliyenunua santuri alikuwa na sura moja ya wimbo, na aliyehudhuria dansi alikuwa na nyingine, na wawili hao walipokutana kijiweni hawakuwa wakizungumzia kitu kilekile. Sifa za Mbaraka zilienea kwa njia hiyo, mdomo kwa mdomo, kutoka kwa waliomwona kwenda kwa wasiomwona.

Gitaa lake lilikuwa jembamba na safi, halikukimbilia kelele. Alirudia kifungu kimoja mara kadhaa hadi msikilizaji akadhani amekizoea, kisha akakigeuza kidogo tu mwishoni. Waliomwiga, nao walikuwa wengi, waliweza kuzipata noti. Ule uvumilivu wa kungoja ndio uliowashinda.

Mwaka 1970 jina la Morogoro lilifika mbali zaidi ya matarajio ya mji wa mkonge. Tanzania ilishiriki Maonyesho ya Dunia ya Expo 70 mjini Osaka, Japani, ya kwanza ya aina yake kufanyika barani Asia, ambayo yalitembelewa na watu zaidi ya milioni 64. Morogoro Jazz walikuwa miongoni mwa wasanii waliopelekwa kuiwakilisha nchi. Safari hiyo ilizaa wimbo uliobeba jina la maonyesho hayo. Wapenzi wa bendi nyingine walitakiwa kutafuta hoja mpya, maana ile ya kwamba Morogoro Jazz ni bendi ya mkoani ilikuwa imekufa.

Kusini nako mambo yalikuwa yakibadilika. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru Novemba 1965, Zambia ilihitaji njia ya mafuta na bidhaa kupitia Dar es Salaam, na malori yakaanza kumiminika katika barabara iliyokuwa ya vumbi na tope. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 barabara hiyo ilikuwa ikiwekwa lami na Wachina walikuwa wakitandika reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976. Katika bonde la Usangu, wataalamu wa Kichina walisaidia kujenga shamba kubwa la serikali la mpunga la Mbarali, jirani na Ubaruku. Mishahara ilikuja, na pamoja nayo redio za mkulima zilizotumia betri.

Redio ndiyo iliyomleta Mbaraka Usangu. Kwa Tanzania Bara ilikuwapo sauti moja tu, ile ya Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo ilizirekodi bendi katika studio zake na kuzipiga nyimbo hizo mchana na usiku. Mvunaji wa mpunga, mfugaji aliyeshuka na ng'ombe wake kando ya mto Ruaha na mwalimu wa shule ya msingi walisikia wimbo uleule kwa saa ileile.

Wimbo mmoja, hata hivyo, haukusikika kwa namna moja Nyanda za Juu Kusini.

Desemba 25, 1971, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Kleruu, alikwenda Isimani, eneo la wakulima wakubwa wa mahindi, katika harakati za kusukuma vijiji vya ujamaa. Alimkuta mkulima Said Mwamwindi akilima shambani kwake katika siku hiyo ya sikukuu. Yakazuka majibizano, na Mwamwindi akampiga risasi na kumuua. Aliupakia mwili katika gari la mkuu huyo wa mkoa na kuliendesha mwenyewe hadi polisi mjini Iringa. Alihukumiwa kunyongwa, na hukumu ikatekelezwa.

Mbaraka na Morogoro Jazz walitoa wimbo wa maombolezo uliobeba jina la Dk. Kleruu. Kwa bendi ya wakati ule lilikuwa jambo la kawaida. Dansi lilitangaza Azimio la Arusha, lilihimiza kilimo na liliaga viongozi waliofariki. Taifa lilikuwa limempoteza msomi kijana aliyekuwa katika utumishi wa umma, na msiba huo ulihitaji sauti.

Lakini Isimani na vijiji vya jirani walikuwapo waliomlilia pia aliyenyongwa. Waliona mtu aliyefyeka pori kwa jasho lake, akafika mahali pa kuambiwa ardhi hiyo si yake tena. Hao hawakuwa na wimbo redioni. Msanii aliyeimbia nchi nzima alikuwa na kipaza sauti kimoja, na kipaza sauti hicho kilikuwa cha serikali. Haikuwezekana kumtarajia Mbaraka aimbe pande zote mbili, na hakuna sababu ya kutilia shaka kwamba majonzi yake yalikuwa ya kweli. Hata hivyo, ni vigumu kuusikiliza wimbo huo leo, hasa Iringa, bila kufikiri juu ya nyumba ambazo redio ilizimwa ulipoanza. Kimuziki si kazi yake bora. Kwa historia ya mikoa hii, pengine hakuna nyingine aliyoiacha yenye uzito kama huo. Jina la Kleruu limebaki pia katika chuo cha ualimu mjini Iringa.

Mwaka 1973, akiwa kileleni, Mbaraka aliondoka Morogoro Jazz na kuunda Super Volcano. Uamuzi huo uliwashtua wapenzi wake, lakini haukuwa wa ajabu kwa aliyejua maisha ya wanamuziki. Bendi nyingi za wakati huo zilikuwa mali ya vyama, jumuiya, mashirika au vikosi vya ulinzi. NUTA ilikuwa na yake tangu 1964, Polisi na Jeshi la Kujenga Taifa walikuwa na zao. Vyombo vilikuwa vya mwenye bendi. Mpiga gitaa aliyejaza ukumbi miaka minane aliweza kuondoka akiwa na nguo zake tu. Kuwa na bendi yake mwenyewe kulimaanisha kubeba hasara, kutafuta gari, kulipa wenzake, na kwa mara ya kwanza kuwa na neno la mwisho.

Super Volcano walikuja na mtindo wao wa Masika, na katika kipindi hiki ndipo ulipotoka wimbo Shida, ambao hadi sasa hutajwa kwanza jina la Mbaraka linapozungumzwa. Jogoo la Shamba na Mtaa wa Saba ni nyingine ambazo bendi za mahoteli bado huombwa kuzipiga, mara nyingi na watu ambao hawakuwa wamezaliwa zilipotungwa. Utunzi wake haukuwa na makuu. Alieleza mapenzi, kukosa fedha, ndugu na marafiki wanaogeuka, kwa Kiswahili chepesi ambacho Mngoni, Msangu na Mdigo walikielewa bila mkalimani.

Tatizo lilikuwa santuri. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuzitengeneza, na mkanda uliorekodiwa Radio Tanzania ulimpa msanii umaarufu kuliko fedha. Aliyetaka kuuza kazi yake alilazimika kutazama Nairobi, walikokuwa na studio, viwanda na makampuni. Nyimbo za Mbaraka ziliuzwa vizuri sana Kenya, na huko alipata wapenzi walioshindana na wale wa nyumbani.

Kisha siasa ikaingia katikati. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inasambaratika, Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Kwa mwanamuziki ambaye umma wake ulikuwa upande mmoja na soko lake upande mwingine, hilo lilikuwa pigo. Mbaraka hakukubali kuuacha upande wowote.

Januari 1979, wakati Tanzania ikiwa vitani na majeshi ya Idi Amin, Mbaraka alikuwa Kenya. Huko, mjini Mombasa, alipata ajali ya gari na kupoteza maisha. Alikuwa na umri wa miaka 34. Wakazi wa Morogoro waliokumbuka kifo cha Salum Abdallah waliona barabara imewachukulia mtu wa pili.

Super Volcano haikuweza kuishi muda mrefu bila yeye. Mwaka uliotangulia kifo chake, Dar es Salaam ilikuwa imepata bendi mpya ya Mlimani Park, na ushindani wa muziki wa dansi ukawa umehamia huko, kwa Sikinde na Msondo.

Kampuni ya Polygram ya Kenya ilikusanya rekodi zake na kuzitoa upya katika miaka ya 1980 kwa mfululizo ulioitwa Ukumbusho, toleo baada ya toleo. Zilinakiliwa katika kanda, kanda zikanakiliwa tena mitaani, na hatimaye zikaingia katika simu za mkononi, kila mara zikipita mikononi mwa wafanyabiashara wasiomjua mrithi hata mmoja wa mtunzi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilipitishwa na Bunge mwaka 1999, miaka 20 baada ya Mbaraka kuzikwa.