Tom Mboya

Thomas Joseph Odhiambo Mboya (15 Agosti 1930 – 5 Julai 1969) alikuwa kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, mwanasiasa na waziri nchini Kenya. Katika chaguzi tatu mfululizo, 1957, 1961 na 1963, alichaguliwa na wakazi wa Nairobi, ingawa asili yake ilikuwa kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Viktoria. Ushindi wake mkubwa kuliko yote aliupata katika jimbo la Nairobi Mashariki, ambalo leo halipo tena.

Maisha ya awali

Mboya alizaliwa Kilimambogo, karibu na Thika, ambako baba yake, Leonardus Ndiege, alikuwa nyapara katika shamba la mkonge la Mzungu. Alisoma katika shule za misheni za Kikatoliki: Kabaa, Yala na hatimaye Mang'u. Hakuendelea hadi mwisho wa sekondari. Alijiunga na chuo cha mabwana afya huko Kabete, na mwaka 1951 akaajiriwa na halmashauri ya jiji la Nairobi.

Kazi hiyo ilimfikisha katika mitaa yote ya Waafrika, na ilimwonyesha pia jinsi bwana afya Mwafrika alivyolipwa mshahara mdogo kuliko mwenzake Mzungu kwa kazi ileile. Akaanzisha chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa. Mwaka 1953, akiwa na miaka 23 tu, alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi vya Kenya. Wakati huo vyama vya siasa vya Waafrika vilikuwa vimepigwa marufuku kwa sababu ya vita vya Mau Mau, kwa hiyo shirikisho hilo likawa karibu sauti pekee halali ya Waafrika. Mwaka 1955 alikwenda kusoma kwa mwaka mmoja katika chuo cha Ruskin, Oxford.

Uchaguzi wa 1957

Machi 1957 Waafrika wa Kenya walichagua wawakilishi wao katika Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza. Viti vilikuwa 8 kwa nchi nzima, kimoja kikiwa cha Nairobi. Kura hazikuwa sawa: kulingana na elimu, kipato, mali au utumishi wake, mtu aliweza kupewa kura moja, mbili au tatu. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitakiwa pia kuwa na cheti cha uaminifu kwa serikali. Zaidi ya hayo, maelfu ya Wakikuyu walikuwa wameondolewa jijini katika msako wa Aprili 1954. Wapiga kura waliobaki hawakuwa sura halisi ya Nairobi.

Mpinzani mkubwa wa Mboya alikuwa Clement Argwings-Kodhek, Mjaluo mwenzake na mwanasheria aliyejulikana kwa kuwatetea washtakiwa wa Mau Mau. Mboya alishinda kwa tofauti ndogo. Baadaye mwaka huo akaunda chama cha People's Convention Party, ambacho kiliruhusiwa kufanya kazi Nairobi tu, kwa kuwa sheria ilikataza vyama vya Waafrika vya nchi nzima.

Nairobi Mashariki, 1961

Kufikia uchaguzi wa Februari 1961 hali ilikuwa tofauti kabisa. Mboya alikuwa katibu mkuu wa KANU, ameongoza mkutano wa watu wa Afrika mjini Accra mwaka 1958, na ameandaa safari za ndege zilizowapeleka wanafunzi wengi Marekani. Masharti ya kupiga kura yalikuwa yamelegezwa na Wakikuyu walikuwa wamerudi jijini. Nairobi Mashariki ilikuwa na mitaa ya Waafrika, na Wakikuyu ndio waliokuwa wengi kati ya wapiga kura wake.

Aliyeshindana naye zaidi alikuwa Dk. Munyua Waiyaki, daktari Mkikuyu na mwanachama wa KANU pia. Oginga Odinga, makamu wa rais wa chama hichohicho, alimuunga mkono Waiyaki dhidi ya katibu mkuu wake. Kama watu wangepiga kura kwa kufuata kabila, Mboya angeshindwa. Alipata kura 31,407 na Waiyaki 2,668. Ni matokeo ambayo mara nyingi husahaulika katika mazungumzo ya siasa za ukabila nchini Kenya.

Jimbo halikudumu. Kwa uchaguzi wa Mei 1963, wa kwanza kwa watu wazima wote, mipaka ilichorwa upya. Mboya alichaguliwa katika jimbo la Nairobi ya Kati, ambalo huhesabiwa kuwa chimbuko la Kamukunji ya sasa. Waiyaki naye aliingia bungeni kupitia Nairobi Kaskazini-Mashariki, na miaka ya 1970 akawa waziri wa mambo ya nje.

Uwaziri na kifo

Mboya alikuwa waziri wa kazi (1962), wa sheria na katiba (1963), kisha wa mipango ya uchumi. Mwaka 1965 alisimamia waraka wa serikali kuhusu ujamaa wa Kiafrika, ambao licha ya jina lake uliacha nafasi kubwa kwa mali ya binafsi. Mkutano wa KANU wa Limuru, Machi 1966, ambao yeye alikuwa mpangaji wake mkuu, ulimwondoa Odinga katika nafasi yake ya chama.

Jumamosi tarehe 5 Julai 1969 alipigwa risasi alipokuwa akitoka katika duka la dawa kwenye barabara ya Government, leo Moi Avenue. Nahashon Njenga Njoroge alihukumiwa kifo kwa mauaji hayo. Swali la nani aliyemtuma halikujibiwa mahakamani. Ghasia zilizuka kwenye ibada ya mazishi jijini Nairobi, na mwili ukapelekwa Rusinga. Oktoba mwaka huo chama cha Odinga, KPU, kilipigwa marufuku, na uchaguzi mkuu wa Desemba 1969 ulifanyika kukiwa na wagombea wa KANU peke yao.