Farinelli, Mwimbaji wa Mfalme
Farinelli alizaliwa Italia mwaka 1705. Utotoni alihasiwa ili sauti yake isipate kuwa nzito: desturi katili ya siku zile. Huko London mwaka 1734, katika mchezo wa kuimba, mwenziwe Senesino aliigiza mtawala mkali, naye Farinelli mfungwa wake. Yasimuliwa kwamba mfungwa alipoimba, mkali yule alisahau ukali wake, akamkimbilia, akamkumbatia mbele ya watu.

Mwaka 1737 aliitwa Hispania, maana Mfalme Filipo wa Tano alikuwa amelemewa na huzuni, hataki kunyolewa wala kushika kazi ya ufalme. Farinelli akaimba katika chumba cha jirani. Mfalme akashtuka, akamwita, akamwuliza ataka zawadi gani. Akaomba mfalme anyolewe, aende barazani, naye akakubali. Akamwimbia usiku kwa usiku hadi mfalme alipofariki mwaka 1746.