Apolo wa Boga na jembe lake

Kila tarehe 30 Mei ndugu zetu Waanglikana humkumbuka Apolo Kivebulaya, mhubiri aliyefia Boga mwaka 1933. Hapa Bunia jina lake linajulikana kuliko maisha yake, hata katika makanisa yetu mengine ya Kiprotestanti. Tumeona vema tuyasimulie, hasa kwa ajili ya vijana wanaotujia wakisema wangependa kumtumikia Mungu ila hawana kitu: hawana diploma, hawana pikipiki, korali yao haina hata spika moja.

Apolo alizaliwa karibu mwaka 1864 huko Kiwanda, katika Buganda, naye akaitwa Waswa, jina ambalo Waganda humpa pacha wa kiume aliyetangulia. Ujana wake haukuwa wa kanisani. Kwa muda alikuwa Mwislamu, tena alishika silaha katika vita vya dini vilivyoivuruga Buganda mwishoni mwa karne ya 19. Alibatizwa Januari 1895, mtu mzima wa miaka thelathini hivi, akachagua jina la yule Apolo wa Matendo 18. Na hilo Kivebulaya? Wengine hudhani ni cheo cha heshima. Lilikuwa utani wa watu tu: alizoea kuvaa koti jekundu la askari juu ya kanzu nyeupe, nao wakasema ni kitu kilichotoka Ulaya.

Mwaka uleule wa ubatizo wake alitumwa Toro. Ng'ambo ya milima ya Ruwenzori na bonde la Semliki, katika nchi ambayo leo ni Ituri yetu, walimu wawili Waganda, Petero Nsugerwa na Sedulaka Makwata, walikuwa wamekwisha kufika Boga kwa chifu Tabaro wa Wahema. Haikuchukua muda chifu akachoshwa na mafundisho yao, na wenyeji wakaacha kuwapa chakula. Njaa ikawarudisha nyuma. Kanisa la Toro lilipotafuta mtu wa kwenda mahali pale, Apolo alikubali. Mwishoni mwa 1896 alivuka bonde, naye alikuwa amebeba jembe.

Tusilipite jembe hilo haraka. Kwa Waganda wa siku zile kulima kulikuwa kazi ya wanawake, na mwalimu wa dini alitazamia kulishwa na watu anaowafundisha. Mwanaume aliyewahi kuwa askari, tena mwalimu, kuinama shambani mbele ya macho ya watu, ilikuwa kujishusha kwelikweli. Lakini chifu angemfukuza kwa njia gani sasa? Chakula hakikuwa tena mikononi mwake. Apolo hakuja na utajiri wala elimu kubwa, wala hakuwa na serikali nyuma yake pale Boga. Alikuja na mikono iliyokubali kupata matope, na kwa mikono hiyo injili ikapata nafasi ya kukaa mahali ambapo ilikuwa imekwisha kushindwa mara moja. Sisi tuliosoma shule ya theolojia tunajua kueleza karama za Roho kwa kurasa nyingi. Kulima ili usiwe mzigo kwa waamini maskini, hilo tunaliweka mara chache katika orodha. Mtume Paulo alishona hema.

Kisha yakaja mambo mazito. Mwaka 1898, wakati wa kuleta nyasi za kujengea, dada yake Tabaro aliangukia mkuki uliokuwa umefichika ndani ya nyasi, akafa. Apolo akashtakiwa kwamba amemuua. Alipigwa, akapelekwa Toro, akafungwa gerezani. Katika siku zile za mateso, kama alivyoshuhudia mwenyewe baadaye, alimwona Bwana Yesu aking'aa kama jua, akimtia moyo asiogope kwa kuwa yuko pamoja naye. Hatimaye aliachiliwa. Angeweza kabisa kuomba kituo kingine, na hakuna ambaye angemlaumu. Akarudi Boga, kwa watu walewale. Tabaro mwenyewe mwishowe aliamini, akabatizwa kwa jina la Paulo.

Miaka iliyofuata alitumika zaidi Toro. Aliwekwa shemasi mwaka 1900 na kasisi mwaka 1903. Halafu wakubwa wa Ulaya wakachora mpaka, na Boga ikajikuta upande wa Kongo ya Wabelgiji, mbali na viongozi wa kanisa lililoizaa. Katikati ya miaka ya 1910 Apolo alirudi, akakaa huko mpaka kifo chake. Hakuwa na mke wala watoto, lakini nyumba yake haikukosa watoto wa watu. Mwaka 1922 alifanywa kanoni wa Namirembe, heshima kubwa. Anwani yake ilibaki Boga.

Alikuwa amekaribia miaka 60 alipoanza safari za kuwafuata Wambuti msituni. Majirani wengi waliwadharau Wambuti, na tuseme ukweli, dharau hiyo bado tunayo hapa Ituri, hata kwenye viti vya kanisa. Apolo alikwenda kwa miguu, akakaa nao mahali walipo, akashughulika pia na kazi ya kuiweka Injili ya Marko katika lugha yao. Kwa nguvu za mwili huo ulikuwa wakati wa kupumzika.

Tunapoandika haya, Boga si jina la historia peke yake. Usiku wa kuamkia 31 Mei 2021, saa chache tu baada ya siku ya kumkumbuka Apolo, watu wenye silaha walishambulia Boga na Tchabi na kuua watu zaidi ya 50. Wengi walikimbia na kuacha mashamba yao. Kwa hiyo hatuthubutu kumwambia mtu aliyepoteza nyumba kwamba abaki tu kama Apolo alivyobaki. Kukimbia na watoto wako si kukosa imani. Lakini tunawafahamu wahubiri wasio na mshahara waliokimbia pamoja na waamini wao, wakaazima kipande cha shamba karibu na kambi, wakalima asubuhi na kufundisha jioni chini ya turubai. Hakuna anayewaandikia habari. Wenyewe husema hawana la kutoa.

Parokia ile ya mwalimu mmoja ilikuwa dayosisi mwaka 1972, na mwaka 1992 Waanglikana wa nchi yetu wakawa jimbo kamili. Apolo hakuona lolote kati ya hayo. Mwaka 1933, akiwa mgonjwa, aliomba kurudi Boga afie huko, na kuhusu maziko yake alikuwa na ombi moja. Desturi ilikuwa kumlaza marehemu kichwa kikielekea mashariki. Yeye alitaka kichwa chake kielekee magharibi, upande wa msitu, ambako kazi ilikuwa haijaisha. Wakamzika hivyo.