Mwalimu Nyerere na Barua za Mto Nile

Kila mwaka ninapofundisha maana ya maneno ya kisheria, huwauliza wanafunzi wangu iwapo mtoto wa miaka saba aweza kufungwa na ahadi asiyoijua. Wao hucheka. Hapo ndipo ninapowasimulia maisha ya hayati Julius Kambarage Nyerere.

Alizaliwa mwaka 1922 kijijini Butiama, si mbali na Ziwa Viktoria. Mwezi wa Mei 1929 Uingereza na Misri zilibadilishana barua kuhusu Mto Nile. Barua hizo, ambazo leo twaziita mkataba, zilikataza ujenzi wowote katika mito na maziwa ya makoloni ya Uingereza ambao ungeyadhuru maji ya Misri bila ya idhini yake. Butiama haikuulizwa, wala Kisumu.

Nyerere akasoma Musoma, Tabora, Makerere na Edinburgh, akawa mwalimu, kisha mwanasiasa. Mwaka 1959 Misri na Sudan ziligawana mto wote baina yao: mita za ujazo bilioni 55.5 kwa Misri na 18.5 kwa Sudan. Nchi za juu hazikuachiwa hata tone.

Tanganyika ilipopata uhuru mwezi wa Desemba 1961, Nyerere hakuitupa mikataba ya mkoloni jalalani, wala hakuirithi kama ng'ombe wa marehemu. Aliuarifu Umoja wa Mataifa kwamba mikataba ya nchi mbili ingeheshimiwa kwa miaka miwili, ichunguzwe, na ile ambayo haingeafikiwa upya ikome. Januari 1962 alijiuzulu uwaziri mkuu, Rashidi Kawawa akashika usukani. Lakini ni kwa hoja hiyo ya Nyerere ambapo Tanganyika, tarehe 4 Julai 1962, iliziarifu Uingereza, Misri na Sudan kuwa haifungwi na barua za 1929. Misri haikukubali.

Nadhani si sadfa kwamba mtu huyuhuyu alitafsiri Mabepari wa Venisi, tamthilia ambayo kiini chake ni hati ya deni na tafsiri ya maneno yake.

Mwalimu alifariki mwaka 1999. Mkataba mpya wa Nile uliotiwa sahihi Entebbe mwaka 2010 ulianza kutumika Oktoba 2024, Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi sita zilizouidhinisha. Kenya ilikuwa imetia sahihi tu. Wanafunzi wangu huniuliza sababu, nami huwaelekeza kwa wabunge wao.