Jay Miner, Baba wa Amiga

Wahenga walinena kuwa ya kale ni dhahabu. Sisi wa Nakuru twalijua hilo, maana kule Kariandusi, karibu na Gilgil, watu hulipa kiingilio kutazama mashoka ya mawe. Mimi nazipenda zana za juzi tu: kompyuta kuukuu. Ninayoihusudu zaidi ni Amiga, na leo nakusimulia maisha ya fundi wake.

Jay Miner alizaliwa mwaka 1932 huko Arizona, Marekani. Elektroniki alianza kujifunza akiwa askari wa ulinzi wa pwani, kisha akasomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Katika kampuni ya Atari aliongoza kubuni chipu ya mashine ya michezo iliyotoka 1977. Halafu akataka kuunda kompyuta yenye prosesa mpya, Motorola 68000. Wakubwa wakakataa kutoa pesa. Jamaa akafungasha virago, akaenda kubuni chipu za vifaa vya kusaidia mapigo ya moyo.

Mwaka 1982 alijiunga na kampuni changa iliyokuja kuitwa Amiga. Mwaka 1984 Commodore ikainunua, na 1985 kompyuta yenyewe ikatoka. Prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta, lakini Miner hakuibebesha kazi zote. Picha na sauti zilishughulikiwa na chipu tatu: Agnus, Denise na Paula. Mbwa wake Mitchy alizoea kuandamana naye kazini, na alama ya wayo wake imo ndani ya kifuniko, pamoja na sahihi za mafundi.

Tena prosesa hiyo ilipachikwa kwenye soketi, haikulehemiwa. Basi ukiing'oa, waweza kupachika kadi yenye prosesa kali zaidi. Ile 68000 ilipiga mapigo kama milioni 7 kwa sekunde; 68060 ya mwaka 1994 ilifika milioni 50. Siku hizi kadi hizo ni adimu kama wali wa daku, na anayeipata huifufua kwa subira. Katika Amiga 2000, betri ikivuja hula njia nyembamba za umeme zilizo karibu na prosesa. Fundi huing'oa betri, hupangusa uchafu kwa siki, husafisha kwa spiriti, halafu hulehemu waya palipokatika.

Na Miner mwenyewe je? Figo zake zilikuwa mbovu. Mwaka 1990 dada yake akamkatia moja ya zake, naye akaongeza miaka minne. Commodore ilifilisika Aprili 1994. Miner akafariki Juni 20 mwaka huo huo, akiwa na umri wa miaka 62.

Kampuni haipo, fundi hayupo, lakini Amiga zingali zikiwaka, kwa sababu ziliundwa zikiwa na nafasi ya kupokea ubongo mwingine. Kwa hiyo, mwenzangu, kabla hujaitupa kompyuta kuukuu jalalani, hebu ifungue kwanza utazame ndani. Naiweka kalamu chini.